Vuta Moja, Utulie

Kengele ya chai ilipolia, Mama Pasi aliisimamisha pasi yake kwenye kisahani cha chuma, akachomoa waya, akapita katikati ya malundo ya mashuka ya hospitali na kutokea mlango wa nyuma. Huko nje, baina ya tangi la maji na ukuta, wafanyakazi wa kiwanda cha kufulia nguo walikuwa wamejitengenezea kibaraza: madumu matupu ya sabuni yaliyopinduliwa, na kopo la rangi lililojaa mchanga na vipisi vya sigara. Alikaa kwenye dumu lake, akaweka sigara mdomoni, na kabla hajawasha kiberiti akamwona binti yake.

Binti huyo alikuwa ameajiriwa mwezi ule, kazi yake kukunja taulo. Alikuwa amesimama karibu na bomba, macho mekundu, na Meneja alikuwa amemwekea mkono begani. Muda mfupi uliopita Meneja alikuwa amemlaumu mbele ya ukumbi mzima kwa taulo zilizobabuka, taulo ambazo zilibabuka kabla hazijafika mezani kwake. Binti alipoanza kujieleza, Meneja alimtoa nje taratibu, akachomoa pakiti kwenye mfuko wa shati, akampa sigara na kumwashia.

"Vuta moja, utulie," Meneja alisema. "Tutaongea."

Meneja hakuwa mtu wa kufoka. Sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Yeye mwenyewe havuti. Pakiti ile alikuwa anaibeba kwa ajili ya watu.

Mama Pasi aliinuka, akamtoa binti yake sigara mdomoni, akaizamisha kwenye mchanga wa kopo. Kisha akachukua ya kwake, ambayo ilikuwa haijawaka, akaizamisha pembeni yake.

"Nimeacha," alisema.

"Lini?" aliuliza dereva wa gari la mashuka, aliyekuwa amekaa kwenye dumu la tatu na andazi mkononi.

"Sasa hivi."

"Na mimi?" aliuliza binti.

"Wewe hujaanza."

Meneja alitabasamu, akarudisha pakiti mfukoni, akaingia ndani.

Sigara ya kwanza ya Mama Pasi ilikuwa imetoka mfuko uleule. Wakati huo binti yake alikuwa bado anatambaa. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa akifanya kazi kwenye rola, ile mashine kubwa yenye mapipa mawili ya moto yanayozunguka na kunyoosha mashuka. Mbele ya mapipa palikuwa na kinga, ubao wa chuma uliozuia mkono usilifuate shuka. Kinga ilipunguza kasi ya kazi, basi Meneja akaifungua kwa spana na kuiegemeza nyuma ya tangi la maji ya moto. Haikupita wiki, rola ikala vidole vya mkono wa kushoto wa Wifi. Meneja akasema ni uzembe, mtu kazini hapaswi kuwaza mambo ya nyumbani.

Mama Pasi alisimama katikati ya ukumbi siku ile, akafungua mdomo, akasema, "Hiyo kinga," na hakufika mbali zaidi ya hapo. Meneja alimshika bega, akamtoa nje, akamwekea sigara kinywani. Vuta moja, utulie. Tutaongea. Mama Pasi alikuwa hajawahi kuvuta maishani mwake. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, halafu utulivu ukaja kweli, ukamfunika kama blanketi la hospitali. Hawakuongea.

Tangu hapo alikuwa mvutaji. Akikasirika alivuta. Akihuzunika alivuta. Akiwa hana la kufanya alivuta, na akiwa na mengi mno alivuta. Hata akifurahi alivuta, maana furaha nayo ilimtikisa, na yeye alikwisha zoea kutotikisika. Watu walimsifu kwamba ana kifua, hana makuu, jambo likimfika halipiti. Miaka yote hiyo walimwona akitoa moshi, na hakuna aliyeuliza moto uko wapi.

Jioni ya siku aliyoacha, alipanda ngazi hadi ghorofa ya mwisho walikokaa, kichwa kikimgonga na mikono ikimwasha kwa kukosa kazi. Alitafuna kipande cha tangawizi. Alimwomba binti yake glasi ya maji ya baridi. Alipoipokea na kuifikisha mdomoni, maji yalikuwa yanachemka. Akatia majani ya chai, akanywa.

Baadaye ikajulikana jinsi mambo yanavyokwenda. Kila alichowahi kukivutia sigara kilikuwa kinarudi, kimoja kimoja, cha karibuni kikitangulia, na kila kimoja kilikuja na joto lake. Vya kwanza vilikuwa vidogo. Siku moja alirudiwa na hasira ya jirani aliyemwaga maji machafu juu ya nguo zake zilizoanikwa, hasira ambayo mwezi uliopita ilikuwa imemalizwa na sigara moja tu dirishani. Kijiko alichoshika kikapinda. Siku nyingine ukamrudia uchovu wa Jumapili nyingi zilizofanana, na sebule nzima ikawa na fukuto hadi mishumaa ikalala ubavu kwenye kabati. Alirudiwa na siku mumewe alipofungua kibanda chake cha kunyoa, siku ambayo alicheka kidogo kisha akatoka kwenda kuvuta. Sasa kicheko kile kilikuja chote. Alikuwa anamenya viazi. Alicheka hadi akaketi sakafuni, na taa ya jikoni, ambayo ilikuwa haijawashwa, ikawaka.

Kilichokuwa kizito kilikuwa msiba wa baba yake. Kwenye mazishi alijificha nyuma ya ukuta akavuta mfululizo, na watu wakasema huyu ni shupavu, hakutoa hata chozi. Machozi yale yalirudi mchana, akiwa peke yake na mumewe. Yalitoka yakiwa mvuke. Vioo vyote vya nyumba vikaingia ukungu, na mumewe akachukua kitambaa akawa anafuta dirisha moja baada ya jingine, na alipomaliza la mwisho akarudi kuanza la kwanza.

Mumewe alikuwa kinyozi, mtu mpole aliyeamini kwamba hakuna jambo ambalo haliwezi kuachwa mpaka kesho. Mashuka ya kitanda yalipoanza kubabuka upande anaolala mkewe, alihamishia godoro lake sebuleni. Hakulalamika. Alimpeleka zahanati.

Daktari alimweka kipima joto, kikapasuka. Akachukua kingine, nacho kikapasuka. Akafuta meza.

"Umeacha sigara?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Ni kawaida. Wengine hunenepa." Alimshauri avae pamba, anywe maji, na asilale karibu na pazia.

"Itaisha lini?" aliuliza mume.

"Inategemea alikuwa anavutia nini," Daktari alisema, akamwita mgonjwa mwingine.

Hamu nayo haikumwacha. Hilo halikuwa la ajabu, lilikuwa la kila mvutaji. Ilimjia kila jambo lilipomgusa, jema au baya, ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa gauni na kukuta tangawizi. Usoni alikonda, na ulimi ukawa mkali. Alimwambia jirani kuhusu yale maji machafu, waziwazi, mlangoni kwake. Jirani akahamisha ndoo yake, na wakaanza kusalimiana zaidi kuliko zamani.

Siku moja mume alirudi kutoka kibandani na kumletea sigara moja juu ya kisahani, imelala katikati kama kitu cha kuliwa kwa uma.

"Hii moja tu," alisema. "Kwa ajili ya amani ya nyumba. Hasira hasara, mke wangu."

"Hasara ya nani?"

Mume aliweka kisahani mezani. Mama Pasi aliichukua sigara, akaizungusha vidoleni, akainusa. Kila kiungo chake kiliitaka. Ingetosha kuipeleka mdomoni na kuvuta pumzi. Kiberiti hakikuhitajika.

Mama mkwe, mzazi wa mumewe na wa Wifi, alikuwa amekaa ubavuni pake, mahali alipopapenda tangu joto lianze, kwa sababu ya magoti yake. Kila jioni alisema, "Sogea, mkwe wangu, leo ni zamu ya goti la kushoto," na hilo ndilo neno pekee alilosema kuhusu jambo zima. Jioni hiyo alisema lingine.

"Zimebaki nyingi za kurudi?"

"Chache, mama. Zimefika za zamani sasa. Juzi imerudi ya siku mwanangu alipoota jino."

"Ukiivuta hiyo, la mwanangu mimi halitafika."

Tangu Wifi arudishwe kutoka hospitali na mkono uliofungwa, bibi yule hakuwahi kulitaja jambo lile mbele ya mtu. Wao walidhani amesahau, au amesamehe. Alikuwa ananyoosha khanga juu ya magoti yake, ananyoosha pale pale palipokwisha nyooka.

"Nimekaa hapa nangoja," alisema. "Mnafikiri ni magoti tu?"

Mama Pasi aliirudisha sigara kwenye kisahani. Mume akaichukua, akaenda nayo dirishani, akaitupa, kisha akarudi akakaa upande wa pili wa mkewe, ingawa jasho lilimtoka.

Jambo lile lilifika asubuhi moja, kazini, kati ya foronya moja na nyingine. Umeme ulikuwa umekatika na wenzake walikuwa wameketi wakipiga soga, lakini pasi ya Mama Pasi ilikuwa inafanya kazi kama kawaida, kwa hiyo hakuwa amesimamisha kazi. Akanyoosha foronya, akaikunja, akanyoosha mkono kuchukua nyingine, na hapo akalijua. Lilikuwa kubwa kuliko yote na lilikuwa bichi, kana kwamba limetokea siku hiyo hiyo. Akaweka pasi chini. Umeme ukarudi, rola ikaanza kuzunguka, na yeye akatembea hadi mbele yake, mahali palepale aliposimama zamani.

Meneja alikuwa pale, akikagua mashuka ya asubuhi.

"Hiyo kinga," alisema Mama Pasi, "uliitoa wewe."

Mashuka yaliyokuwa yananing'inia yakichuruzika yaliacha kuchuruzika.

"Uliifungua kwa spana, kwa mkono wako, ukaiweka nyuma ya tangi la maji ya moto. Bado ipo. Naiona kila siku nikienda kuoga. Wifi yangu hakuwa mzembe. Alikuwa analifuata shuka, kama kila mtu anavyolifuata shuka, na pale pa kumzuia palikuwa wazi kwa sababu ulitaka mashuka mengi zaidi. Umekata vidole vya mtu ukasema amejikata. Halafu ukanipa sigara."

Mvuke uliinuka kutoka kwenye mapipa ya kufulia, kutoka kwenye matambara, kutoka kwenye nywele za waliokuwa wamesimama karibu. Dereva wa gari la mashuka alivua sweta. Binti aliacha taulo zake, akaja akasimama pembeni ya mama yake, uso ukimwiva kwa joto.

"Na zile taulo hazikubabuka kwangu," alisema. "Zilikuja hivyo."

Meneja alipeleka mkono kwenye mfuko wa shati, kama alivyozoea. Pakiti ilikuwa imekwisha kuwaka humo ndani, sigara zote kwa pamoja, na ilikuwa imetoboa mfuko tundu la mviringo. Aliuzima kwa kuupigapiga kwa kiganja.

"Umemaliza?" aliuliza, kwa sauti yake ileile laini.

"Bado."

Akaendelea. Alisema kila kitu, na palipokuwa hapana neno akatafuta neno. Meneja alimsikiliza hadi mwisho, kichwa kikiwa kimeinama kidogo. Kisha akagusa shuka lililokuwa karibu yake. Lilikuwa kavu, tena limenyooka. Akagusa la pili. Akamwita fundi wa mitambo na kumwuliza mashine ya kukaushia inatumia gesi mitungi mingapi kwa wiki.

Jioni Mama Pasi alipitia kibandani kwa mumewe. Wifi alikuwa pale, akifagia nywele, ufagio ameubana kwapani kwa mkono wa kushoto na kuuongoza kwa wa kulia. Alikuwa mcheshi. Mkono wake wa kushoto aliuita mstaafu, na wateja walipouliza alisema ulistaafu mapema na hata kiinua mgongo haukupewa.

"Nimesema," Mama Pasi alimwambia.

"Yote?"

"Yote."

Wifi alifagia kidogo. "Akasema nini?"

"Akaniuliza kama nimemaliza."

"Kinga imerudi?"

"Haijarudi."

"Na hivi?" Wifi aliinua mkono mstaafu, akautazama upande huu na upande ule, kama mtu anayekagua nguo kutoka kwa dobi. "Havijarudi. Basi kesho sema tena."

Halafu akauegemeza ufagio ukutani, akauweka mkono ule kwenye shavu la Mama Pasi, akauacha hapo kwa muda, kwa sababu kulikuwa na ujoto na kwa sababu nyingine. Kinyozi alikuwa anamnyoa mteja. Alisimamisha mashine, akasema samahani, akatoka nje kidogo, akarudi macho yamelowa na kumalizia upande uliobaki.

Kesho yake Meneja alimhamishia Mama Pasi chumba cha kukaushia. Mitungi ya gesi ilikuwa imeondolewa na kamba zimeongezwa. Palikuwa na kiti chenye mto, na jagi la maji. Meneja alisema anathamini vipaji vya wafanyakazi.

Mama Pasi alikaa kwenye kiti. Mashuka mabichi yaliletwa kwa toroli na kutundikwa mbele yake, nyuma yake na juu yake. Alikaa kimya. Alimenya chungwa. Mchana mashuka yalikuwa yanachuruzika vilevile, na sakafu ilikuwa imejaa maji hadi kizingitini. Tangu aliposema yote mbele ya rola, joto halikumtoka tena ovyo. Lilimjia aliposema.

Meneja alikuja akasimama mlangoni, viatu majini.

"Mbona hakuna kitu?"

"Hasira yangu si mkaa wako," alisema Mama Pasi.

"Mama, tufanye kazi. Mambo ya zamani tufunike yapite."

"Yafunikwe na nani? Mimi mfuniko wangu nimeutupa."

Hospitali ilipopiga simu kulalamika kwamba wagonjwa wamelazwa kwenye magodoro matupu, mitungi ya gesi ilirudishwa, na Mama Pasi akarudishwa kwenye meza yake ya pasi. Hakufukuzwa. Alikuwa anapiga pasi nyingi kuliko mtu yeyote, na kwa kuwa alipiga huku akisema, hakutumia umeme. Meneja alimwita fundi wa rangi, na ukutani juu ya rola pakaandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: USALAMA KWANZA. Kinga ilibaki nyuma ya tangi. Wafanyakazi wengine walianikia soksi zao juu yake.

Saa ya chai bado anakwenda kwenye kibaraza na kukaa kwenye dumu lake. Wenzake wanaovuta wanavuta, yeye anatafuna tangawizi. Hamu ingalipo. Akiulizwa husema inapiga hodi, yeye haendi kufungua. Wapo waliomwomba awasaidie kuacha, na akawaambia ukweli, kwamba kuacha si kazi, kazi ni yale yatakayokuja kukaa pale sigara ilipokuwa inakaa. Dereva wa gari la mashuka alijaribu. Alirudiwa na aibu moja ya utotoni na nyusi zikamwungua, akarudi kuvuta. Mpishi wa kantini aliacha moja kwa moja, na siku hizi anakaangia mayai kwenye sufuria isiyo na moto chini yake, akimtaja mume wake wa kwanza. Binti hakuanza. Anapokosewa husema hapohapo, na kwa kuwa hasira zake hazijawahi kulundikana, kinachopanda ni mashavu yake tu.

Meneja alinunua shati jingine na pakiti nyingine. Kila Jumatatu, kazi ilipoanza, Mama Pasi alisema tena.

Jumatatu moja aliajiriwa mwanamke mpya, mama wa makamo aliyetoka kazi ya kushona magunia, na akapangiwa rola. Hakuonyeshwa chochote zaidi ya kitufe cha kuwashia. Mama Pasi aliacha foronya zake, akaenda kusimama naye.

"Dada, mkono wako usivuke hapa," alisema, akimchorea mstari hewani kwa kidole. "Shuka likikuvuta, liachie. Liende. Usilifuate."

"Hakuna cha kuzuia?"

"Kilikuwepo. Kilitolewa."

Yule mgeni aliinama, akatazama matundu mawili ya bolti pembeni mwa mapipa, matundu safi, yaliyong'arishwa na miaka ya mashuka kupita. Akainuka. Joto alilihisi, na akakunja mikono ya blauzi.

"Alikitoa nani?"

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na Meneja alikuwa anaonekana mezani kwake, kalamu mkononi. Mama Pasi aligeuka akaelekea kule, akajaza kifua pumzi, na akamjibu mgeni kwa sauti iliyofika hadi kwenye gari la mashuka nje. Alitaja aliyekitoa, akataja kilipo, akataja kilichotokea. Kioo cha dirisha la ofisi kilipasuka kutoka kona hadi kona.

Meneja alifunika kalamu yake. Akainua simu ampigie fundi vioo, kisha akairudisha, kwa kuwa fundi vioo alikuwa amekwisha fika getini, kioo kipya begani, kama kila Jumatatu.